Foleni Iliyonilipia Ada

Kila nikipanda Coaster ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, simu ya mama huita tukishaipita Vwawa. Shikamoo yangu anaiitikia katikati ya swali: "Marahaba, malori yameanzia wapi?" Nikimwambia yameanzia Chapwa, anaguna tu. Nikimwambia nimeyakuta tangu Mpemba, anasema, "Haya baba," na kabla hajakata nasikia sufuria zinagongana. Wenzetu wanapima foleni ya mpakani kwa kilomita. Yeye anaipima kwa vikombe vya maharage ya kuloweka.

Mama ni mamantilie. Amewapikia madereva kando ya barabara kuu ya Zambia tangu sijaanza shule: wali maharage, ugali nyama, chapati za asubuhi, na chai ya rangi ambayo madereva wa Kongo hawaachi kulalamika kuwa haina sukari. Malori yanapanda na mafuta, mbolea, magari ya mitumba na makontena ya vitu vya China. Yanashuka na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Dereva anayevuka siku ileile hali kitu Tunduma. Anayelala usiku mmoja anakula mara mbili. Anayekaa siku nne anakula mara nane, anafuliwa mashati, ananunua vocha, anakopa, na ukifika mwezi wa pili wa safari zake ameshaanza kuitwa shemeji.

Nilipochaguliwa kidato cha tano shule ya bweni, ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na michango, kama mzazi yeyote wa miaka ile anavyojua, ilikuwa mikubwa kuliko ada. Mwaka ule foleni ilikuwa ndefu. Nilikwenda shule na godoro jipya, tranka lenye kufuli mbili na viatu vya kubadilisha.

Miaka michache baadaye niko chuo, nasoma uchumi, mhadhiri anaandika ubaoni: vikwazo visivyo vya kikodi. Akaeleza kwamba nchi inaweza kukuzuia usiuze kwake bila kukutoza hata senti ya ushuru. Inaweza kukuwekea kiwango cha idadi, kibali, kipimo cha ubora, au kukuchelewesha tu. Akataka mfano wa hapa nyumbani. Hakuna aliyejibu, akajitolea mwenyewe: foleni ya malori Tunduma. Darasa zima likainama kuandika. Nami nikaandika, halafu nikabaki naangalia daftari. Nilikuwa nimemwandika mfadhili wangu.

Nadharia yenyewe tulifika wiki mbili baadaye. Adam Smith, mwaka 1776, alikuwa na hoja rahisi: kama jirani anatengeneza kitu kwa gharama ndogo kuliko wewe, nunua kwake, nawe muuzie kile unachotengeneza kwa gharama ndogo kuliko yeye. Swali gumu likabaki. Kama jirani anakushinda kwa kila kitu, wewe utauza nini? Jibu lilikuja mwaka 1817 kutoka kwa David Ricardo, dalali wa hisa wa London aliyekwisha kutajirika na kupata nafasi ya kuwaza. Alichukua nchi mbili na bidhaa mbili. Ureno inahitaji watu 80 kwa mwaka kupata kiasi fulani cha mvinyo, na watu 90 kupata kiasi fulani cha nguo. Uingereza kwa mvinyo uleule inahitaji watu 120, na kwa nguo zilezile watu 100. Mreno anashinda kote kuwili. Hata hivyo, Ricardo akasema, usitazame nani anamshinda nani, tazama kila mmoja anaacha nini. Mwingereza akijitia kutengeneza mvinyo wa watu 120, anaacha nguo ambazo watu haohao wangemshonea, yaani nguo moja na sehemu mbili ya kumi. Mreno kwa mvinyo uleule anaacha pungufu ya nguo moja. Bei yoyote iliyo katikati ya hapo inawafaa wote wawili. Hiyo ndiyo faida linganishi, na nakiri iliponiingia kichwani nilitembea kutoka darasani kama mtu aliyeokota pesa.

Likizo nikaenda kumsomea mama. Alinisikiliza huku anasukuma chapati. Wakati ule alikuwa na dada mmoja wa kumsaidia. Kwenye chapati mama alimzidi mara tatu hivi, na kwenye kuosha vyombo alimzidi kidogo tu. Kwa hiyo chapati zilikuwa za mama, vyombo vya dada, na haikupata kujadiliwa. Nilipomaliza, mama akauliza, "Sasa hilo ndilo serikali ilikukopesha hela ukalisome?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa bado na swali.

"Na huo mvinyo wa Mreno ulivukia wapi? Nani aligonga muhuri?"

Nikamwambia kwenye mfano wa Ricardo kuvuka hakuna gharama. Hapo ndipo akaweka chini kijiti cha kusukumia na kucheka mpaka wateja wakageuka.

Swali lile limekaa nami kuliko mtihani wowote. Nilipolitafutia jibu nikakuta jambo ambalo darasani hatukuambiwa. Mvinyo wa Ureno ulikuwa na muhuri wake. Mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilitia saini mkataba wa Methuen: nguo za sufu za Uingereza ziruhusiwe kuingia Ureno, na mvinyo wa Ureno utozwe Uingereza ushuru ulio pungufu kwa theluthi moja kuliko wa Ufaransa. Mwingereza alikuwa akinywa mvinyo wa Ureno kwa miaka zaidi ya mia moja kabla ya Ricardo kuandika, na sehemu ya sababu ni kwamba wa Mfaransa ulikuwa umepandishiwa bei getini. Mfano maarufu kuliko yote wa biashara huria uliota kwenye kivuli cha ushuru. Simlaumu Ricardo, hesabu yake ni sahihi. Ila mama, bila kusoma chochote, aliweka kidole palepale penye tundu.

Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia, kwa ambaye hajafika, ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Mstari ulitokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890, watu waliokaa Ulaya na ramani. Wanyamwanga walikuwepo na wakabaki pande zote mbili, na mpaka leo mtu anaweza kuwa na shangazi Zambia na mjomba Tanzania walio karibu kuliko sehemu mbili za Jiji la Mbeya. Wachumi wana kanuni ya mvutano, ambayo Mholanzi Jan Tinbergen aliitumia kwenye biashara mwaka 1962: nchi zinafanya biashara kadiri zilivyo kubwa na kadiri zilivyo karibu. Kwa kanuni hiyo Tunduma na Nakonde, ambako umbali ni upana wa barabara, bidhaa zingepaswa kupita kama maji. Lakini mwaka 1995 mchumi wa Kanada, John McCallum, alipopima biashara ya majimbo ya Kanada, alikuta yanauziana yenyewe kwa yenyewe mara 22 kuliko yanavyouziana na majimbo ya Marekani yenye ukubwa na umbali unaofanana. Mara 22, kati ya nchi mbili zenye lugha moja kubwa na barabara za lami. Wengine baadaye walipiga hesabu upya wakaishusha namba ile, ila hakuna aliyeifikisha sifuri.

Nami nina hesabu yangu ya sifuri. Mwaka 2022, mimi na rafiki yangu mmoja tulikusanya mchele wa Kyela, tani kumi, tukaupakia kwenye Fuso kwa ajili ya mnunuzi wa Nakonde. Mchele wa Kyela hauhitaji kutangazwa: ukipikwa nyumba ya tatu unajua. Tanzania na Zambia zote zimo kwenye eneo huru la biashara la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lililoanza mwaka 2008, na tulikuwa na cheti cha uasili, cha kuonyesha mchele ni wa Tanzania, kutoka TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, kwa hiyo ushuru wa forodha wa mchele wetu ulikuwa sifuri. Tulikuwa na cheti cha afya ya mimea. Tulikuwa na kibali cha kusafirisha nje, na mnunuzi alikuwa na kibali chake cha kuingiza. Bahasha ya karatasi ilikuwa nene kuliko Biblia ya bibi.

Gari likasimama siku tatu. Karatasi moja iliandika mifuko 200. Nyingine iliandika kilo 10,000. Mifuko ilikuwa ya kilo hamsini hamsini, mtoto wa darasa la nne angekwambia kwamba ni kitu kilekile. Afisa mmoja, wa ofisi ambayo sitaitaja, alitaka karatasi zote ziseme maneno yaleyale, na aliyetoa karatasi ya kwanza alikuwa Mbeya, na siku ile ilikuwa Ijumaa jioni. Afisa hakuniomba kitu, nimtendee haki. Alikuwa anafuata fomu yake. Kulipa maegesho, posho ya dereva na utingo, wakala wa forodha, Coaster ya kwenda Mbeya na kurudi kurekebisha neno moja, na hasara ndogo ya kubadilisha kwacha kwa haraka, tulitumia 340,000. Ushuru ulikuwa sifuri, na sifuri yenyewe ikatugharimu laki tatu na elfu arobaini.

Jumapili, nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha Fuso, nikawaona kina mama wakivuka na mchele kichwani na kwenye baiskeli, kilo ishirini, kilo thelathini, kwa njia ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayeziandika. Mchele wa Kyela uleule. Walifika sokoni Nakonde kabla yangu, bila cheti hata kimoja. Nimesoma makala nyingi zinazoita hizo njia za panya, kana kwamba zilichimbwa na wahalifu. Kina mama wale walikuwa wamepiga hesabu tu. Kiwango cha chini cha kujihangaisha na karatasi ni tani nyingi kidogo, na wao wana debe.

Kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vyetu vya kigeni havikifikirii sana, kile cha kumzuia mtu wako mwenyewe asiuze nje. Ricardo alipigana na Sheria za Nafaka za Uingereza, zilizowekwa mwaka 1815 kuzuia ngano ya nje isiingie. Zilimnufaisha mwenye ardhi na kumpandishia mfanyakazi bei ya mkate. Zilifutwa mwaka 1846, Ricardo mwenyewe akiwa amefariki tangu 1823. Sisi tulikuwa na sheria zetu za nafaka, ila tulizigeuza. Kwa miaka mingi, kila hofu ya njaa ilipotanda, mahindi yalipigwa marufuku kuvuka mpaka, kisha yakaruhusiwa, kisha yakapigwa tena. Aliyelindwa alikuwa mlaji wa mjini. Aliyelipa alikuwa mkulima wa Mbozi na Sumbawanga, anayevuna magunia mia akakuta bei imeanguka kwa sababu mlango umefungwa, na mnunuzi wa Zambia anaonekana kwa macho ng'ambo ya barabara. Baba mdogo alipanda mahindi Mlowo miaka yote hiyo, na sijawahi kumsikia akitaja serikali bila kutaja debe.

Nadharia nyingine nitazipita haraka. Waswidi wawili, Eli Heckscher na Bertil Ohlin, walisema nchi inauza kile kinachotumia ilichonacho kwa wingi: mwenye ardhi na mikono auze mazao, mwenye mitambo auze mashine. Ukitazama Nyanda za Juu Kusini unaona kama wamepita hapa: mvua, udongo mweusi wa Rungwe, vijana wengi, na parachichi kila kilima kuanzia Tukuyu mpaka Njombe. Mwaka 1953 Wassily Leontief akapima Marekani, nchi yenye mitambo kuliko zote wakati ule, akakuta bidhaa inazouza nje zinatumia mtaji kidogo kuliko inazoagiza. Mpaka leo wanabishana. Mimi ninachokiona kwenye parachichi ni kwamba udongo na mvua havitoshi. Itifaki ya kuuza parachichi mbichi China ilitiwa saini Novemba 2022, Rais Samia akiwa Beijing, na tangu hapo mkulima anasikia maneno ambayo babu yake hakuyasikia: shamba lisajiliwe, nyumba ya kufungashia isajiliwe, wadudu wakaguliwe. Ulaya wanapima mabaki ya viuatilifu kwenye ganda. Sisemi ni hila. Mlaji ana haki ya kula tunda salama. Ila mwenye miti ishirini nyuma ya nyumba hawezi kulipia ukaguzi, kwa hiyo anamuuzia dalali, na faida linganishi ya udongo wake inaishia kwenye mfuko wa mwenye stoo ya baridi.

Afya ya chakula ikiwa sababu ya kweli na ikiwa kisingizio, kwa nje zinafanana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti. Sumukuvu ipo, inaua, na mahindi yanayoanikwa chini juu ya udongo nimeyaona kwa macho. Pia bei ya mahindi Kenya ina wakulima wake wanaoitazama. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo hasira za mitandaoni hazisaidii kitu.

Aprili 2025 ikawa zamu yetu kufunga. Malawi ilikuwa imezuia mchele, unga, ndizi, tangawizi na mahindi ya Tanzania. Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi zetu kwa miaka. Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akatangaza kwamba na sisi hatupokei mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Vijiweni Mbeya watu walishangilia kama tumefunga bao. Nilikuwa Kasumulu, mpakani na Malawi, wiki hiyo kwa shughuli nyingine. Mto Songwe unapita pale, mwembamba, na ng'ambo wako Wangonde ambao lugha yao na Kinyakyusa zinasikilizana bila mkalimani. Mzee mmoja mwenye ndizi kwenye pikapu, zimeanza kuiva, alinisalimia "Ugonile" kisha akauliza kama mimi ni mtu wa habari. Nikasema hapana. Akageuka kuzipanga upya, zile za njano juu. Baada ya mazungumzo marufuku iliondolewa, na matufaha ya Sauzi yakarudi kwenye meza za soko la Mwanjelwa, Mbeya, kana kwamba hayakwenda popote. Nchi zote tatu zimo kwenye eneo huru lilelile la SADC. Ushuru haukubadilika hata siku moja.

Narudi kwa mama, maana yeye ndiye anayenitia tabu.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani Tunduma na Nakonde. Kabla ya hapo lori lilikaguliwa upande huu, likatoka, likaanza upya upande wa pili. Sasa lisimame mara moja. Mimi nilifurahi sana, nilikuwa nimeshaandika juu ya jambo hilo mara tatu kwenye karatasi za chuo. Siku ya uzinduzi mama aliuza kuliko siku yoyote ya mwaka ule, kwa sababu ya umati. Miezi iliyofuata akaanza kubaki na wali jioni. Dada wa vyombo aliondoka. Aliondoka pia jirani aliyekuwa anafua mashati. Kijana wa kubadilisha pesa akanunua bodaboda. Hakuna aliyeandika habari zao, na sidhani kama kuna safu ya jedwali linaloitwa "gharama za muamala" ambamo wangekaa. Zile saa za dereva zilizookolewa zilikuwa saa za mtu fulani.

Nilijaribu kumweleza mama kwamba nchi nzima imefaidika. Mbolea itafika kwa bei nafuu, bandari itapata mzigo, Wazambia hawatakwenda bandari ya Durban, Afrika Kusini. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Sawa. Nchi nzima ikija, nitaipikia."

Haikuchukua muda, lakini. Malori yaliongezeka, mtandao ukawa unakata, na mwaka 2024 ukame ukaikamata Zambia mpaka Rais Hichilema akatangaza janga la kitaifa. Mahindi yetu, yale yaliyokuwa yakikatazwa kuvuka, sasa yalivuka kwa malori na malori. Baba mdogo wa Mlowo aliuza kwa bei aliyokuwa akiiota. Foleni ikarudi Mpemba. Mama akatafuta dada mwingine wa vyombo.

Mimi bado napeleka mchele, mara tatu nne kwa mwaka, na karatasi zangu zote siku hizi zinasema kilo. Safari ya mwisho Fuso lilitangulia usiku, nami nikafuata asubuhi na Coaster. Tukaipita Vwawa. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, yameanzia wapi?"

"Mpemba kabisa. Na langu limo. Naliona, liko nyuma ya matenki ya mafuta."

Akanyamaza kidogo. Nilijua anapiga hesabu, siku tatu labda nne, watu wawili, mimi nikilipa posho.

"Haya baba," akasema. "Mwambie dereva wako asile kwa mtu mwingine."